Wiki ya mtu mwenye sauti: banda la video la Soweto, Mbeya

Nianze kwa kukiri, msije mkasema baadaye kwamba nimepewa kitu kidogo. Sabufa inayopiga kwenye banda hili nimeitengeneza mimi. Mwezi wa tano nilibadilisha koni ya spika, nikalipwa nusu, nusu iliyobaki nikaambiwa nitaimalizia kwa kuangalia mpira bure. Kwa hiyo nikisifia sauti, punguzeni kidogo. Nikiiponda, niaminini, maana hapo najiponda mwenyewe.

Banda liko Soweto, hapa Mbeya mjini. Ukishuka kwenye daladala la Uyole–Mbalizi unaiacha lami, unapita wauza viatu vya mtumba, unafuata harufu ya mafuta ya chipsi mpaka ukutane na ukuta wa mabati uliopakwa rangi ya bluu nusu, rangi ikaisha. Halina jina. Kuna ubao umeandikwa kwa mkono MPIRA NA MUVI, KUCHAJI SIMU 300, na chini yake mtu ameongeza kwa mkaa HAKUNA MKOPO. Ndani kuna mabenchi kumi na mawili, runinga ya inchi 55 iliyofungwa kwenye kimia cha nondo isije ikaondoka na mtu, na kuta zimezibwa kwa maboksi ya friji na magunia ya viazi. Watu wanadhani magunia ni umaskini. Mimi nawaambia hayo magunia ndiyo yanayofanya banda hili lisikike vizuri kuliko kumbi fulani za harusi mjini hapa, ambako mshereheshaji akisema "bwana harusi" ukuta unamrudishia mara tatu.

Mwenye banda ni mzee mmoja mstaafu wa reli ya TAZARA. Wote tunamwita Babu, hata wanaomzidi umri. Kiingilio ni 500, watoto 200, na kahawa ya tangawizi anauza mama mmoja mlangoni kwa 200 kikombe, karanga juu yake.

Kilichonifanya niandike si mpira. Tarehe 9 Septemba 2024 alifariki James Earl Jones, mwigizaji wa Marekani, akiwa na miaka 93. Babu alisikia redioni asubuhi iliyofuata, akaja kibandani kwangu Mwanjelwa bila hata salamu: "Fundi, mfalme wa Zamunda kafa." Nikajua anamsema nani. Kila mtu wa umri wetu anamjua mfalme wa Zamunda, yule baba yake Eddie Murphy aliyejitanda ngozi ya simba begani. Tuliokua na mikanda ya VHS filamu ile tuliiangalia mpaka mkanda ukawa unateleza. Babu akasema wiki ambayo mpira hauna jambo ataonyesha muvi zake, Jumatatu mpaka Jumamosi, kila usiku saa mbili, ila Jumamosi mchana. Hivyo ndivyo nilivyokaa banda lile siku sita mfululizo, mke wangu akidhani nimeanza pombe.

Jumatatu ilikuwa hiyo hiyo ya Zamunda, Coming to America, ya mwaka 1988. Watu walijaa mpaka wengine wakakaa kwenye kreti za soda. Na hapo ndipo malalamiko yangu ya kwanza yalipozaliwa, nayo yanamhusu kijana wa maiki.

Wanaosoma hapa wengi mnajua utaratibu. Muvi ya Kizungu bila mtafsiri ni kama kande bila maharage. Tumekuzwa na sauti za watu kama Lufufu, tukajifunza Marekani yote kupitia midomo yao, na mpaka leo ukinionyesha filamu za zamani za mapigano bila mtu anayetangaza juu yake naona kama zimeharibika. Kijana wa Babu ni hodari. Anatafsiri moja kwa moja, maiki mkononi, anaweka utani wa Mbeya ndani yake, anamwita adui "mjomba wa Tunduma". Kwa muvi za mateke hana mpinzani, kwa sababu teke halihitaji kusikika kwa Kiingereza.

Lakini Jumatatu kila mfalme alipofungua mdomo, kijana naye akafungua wake. Anaishusha sauti ya muvi kwa kidole, anapandisha ya kwake. Sasa mtu ambaye mali yake yote iko kooni, ukimfunika kooni umebakiza nini? Ni kununua mchele wa Kyela, ukauosha mpaka harufu yote ikaenda na maji. Nilikaa nikiiona ile midomo ya mfalme inatembea na sauti inayotoka ni ya kijana wa Soweto mwenye mafua.

Muvi ilipoisha nikamfuata Babu. Nilikuwa nataka kumwambia neno moja tu, "sauti". Sikuweza. Nina kigugumizi tangu utoto na herufi S ndiyo adui yangu mkubwa. Nikabaki "sa, sa, sa", watu wanapita pembeni, kijana wa maiki anacheka kidogo, si kwa ubaya, ni ile ya mtu asiyejua aangalie wapi. Shuleni waliniita Redio Mbovu. Mwalimu mmoja wa darasa la nne alikuwa akinisimamisha nisome kwa sauti siku ambazo darasa limechoka, ili lichangamke. Nilipokua nikawa fundi redio, na sijui kama hayo mawili yana uhusiano, ila sijawahi kukataa redio hata moja iliyoletwa kwangu na kuambiwa haifai.

Babu akanishika bega. "Fundi, nenda kaandike. Kesho ulete."

Nikaandika usiku ule nyuma ya risiti za stoo ya vipuri, risiti nne. Jumanne nikampa.

Jumanne ilikuwa Conan the Barbarian ya mwaka 1982, ambamo Jones ni mchawi na kiongozi wa dini ya nyoka, na kuna mahali anageuka joka mwenyewe mbele ya macho yako. Watu walipiga makofi. Siisemi sana, siyo ya kumpima mtu. Mara umeme ukakatika, kama kawaida, na jenereta ikagoma kuwaka kwa dakika kama arobaini. Hilo ni kosa la pili la banda: jenereta ni ya kizamani na petroli inanunuliwa baada ya giza kuingia, si kabla. Watu wakaanza kudai hela zao. Babu akawasha tochi ya simu, akampa kijana wa maiki zile risiti zangu nne, akamwambia, "Wasomee watulie."

Kijana akaanza kusoma kwa mbwembwe za muvi, "Sasa bwana, huku Mississippi mambo yamechacha!" Babu akamkata: "Soma kilichoandikwa."

Akasoma. Nanukuu nilivyoandika, ila nimesahihisha tahajia:

"Babu, shikamoo. Huyu mtu alizaliwa tarehe 17 Januari 1931, kijiji kinaitwa Arkabutla, Mississippi. Baba yake aliondoka wakati ule ule alipozaliwa. Wakamlea babu na bibi wazaa mama. Alipokuwa na miaka mitano hivi wakahama kwenda Michigan, kaskazini, kwenye shamba, na ndiko kigugumizi kilikomshika. Kikamshika mpaka akanyamaza. Kwa miaka kama minane hakuongea na watu ila kwa lazima. Aliongea na mifugo. Darasani alijibu kwa kuandika. Babu, mtu uliyemsikia jana ni yeye."

Hapo banda likatulia. Nilikuwa nimekaa benchi la nyuma, nimeinamisha kichwa kama vile barua si yangu.

"Sekondari kulikuwa na mwalimu anaitwa Donald Crouch. Akagundua kwamba kijana anaandika mashairi. Siku moja akaandika shairi la kusifu balungi." Watu wakacheka. Hata mimi nilipolisoma mara ya kwanza nilicheka, kwamba sauti ile yote imeanzia kwenye balungi. "Mwalimu akamwambia shairi hili ni zuri mno, huenda umeliiba, na kama ni lako simama ulighani kwa kichwa mbele ya wenzako. Akasimama. Akaghani. Hakukwama hata mara moja."

Mama wa kahawa akasema, "Ndaga mwalimu," yaani asante. Mwingine akamnyamazisha.

Mimi jambo hilo halikunishangaza, na hapa naongea kama mhusika. Naimba besi kwaya ya Moravian. Nikiimba sikwami. Maneno yakiwa na mapigo yake yanatoka yenyewe, kama gari linaloteremka Igawilo bila kukanyaga mafuta. Ila ukinitoa kwenye wimbo ukaniuliza bei ya kubadilisha twita, ile spika ndogo ya sauti za juu, tutakaa mpaka jua lizame. Na Jones naye hakupona. Mpaka uzeeni alijiita mtu wa kigugumizi. Alijifunza tu kuchagua maneno yake na kupita pale penye njia.

Barua iliendelea: kwamba alikwenda Chuo Kikuu cha Michigan akidhani atakuwa daktari, akaishia kwenye tamthilia, kwamba alitumikia jeshi, akawa luteni, kwamba kazi yake ya kwanza kwenye ukumbi wa Ramsdell, mji wa Manistee, ilikuwa useremala, kupiga misumari ya jukwaa, kabla hawajamwachia kusimama juu yake kama Othello. New York alifanya usafi wa majengo ili apate kula. Baba yake, Robert Earl Jones, naye alikuwa mwigizaji, na mwana alikuja kumjua akiwa mtu mzima tayari.

Kisha kile kipande ambacho nilikiandika kwa makusudi ya kumfurahisha Babu. Mwaka 1962 huko New York, kwenye jukwaa la wazi la Central Park, Jones alicheza mwana wa mfalme wa Moroko katika The Merchant of Venice ya Shakespeare. Mwelekezi wa filamu Stanley Kubrick alikuja usiku mmoja kumwangalia mwigizaji mwingine, George C. Scott, aliyekuwa Shylock. Akaondoka na wote wawili. Hiyo ndiyo ikawa filamu ya kwanza ya Jones, Dr. Strangelove, iliyotoka 1964.

Mzee mmoja mwalimu mstaafu akaruka gizani: "Hiyo si Mabepari wa Venisi? Mwalimu Nyerere alitafsiri hiyo!" Naam, mwaka 1969. Wakaanza kubishana nani aliisoma kidato cha ngapi, na umeme uliporudi nusu yao walikuwa bado Venisi.

Kuhusu kijana wa maiki. Alipomaliza kusoma alinirudishia risiti zangu zimekunjwa vizuri. Akaniambia, "Bro, mimi kesho nitamwacha aseme kwanza." Hayo tu.

Jumatano akafanya hivyo. Muvi ilikuwa Star Wars ya kwanza, ya 1977, na kwa bahati ndiyo iliyofaa kuliko zote, maana yule Darth Vader mwenye kofia nyeusi ni watu wawili. Mwili ni wa Mwingereza mmoja mnyanyua vyuma, David Prowse, mtu wa futi sita na nusu. Sauti ni ya Jones. Aliifanya kazi kwa saa chache tu, akalipwa dola 7,000, na akaomba jina lake lisiandikwe, kwa hoja kwamba yeye pale ni kama mitambo ya sauti tu, muvi ni ya yule aliyevaa mavazi. Niliposikia habari hiyo zamani niliona ni ujinga. Sasa sijui. Kijana wa Babu amefanya kazi ile miaka sita na hakuna anayemjua kwa sura zaidi ya mtaa mmoja.

Alikuwa anasubiri. Vader anasema, banda linatetemeka, kijana anahesabu moja, ndipo anatoa Kiswahili, tena kwa ufupi. Siku zile mbili za mwanzo alikuwa anatafsiri kila kitu. Jumatano alitafsiri kinachohitajika.

Sasa niseme kama fundi. Sauti nzito ya mwanamume inaanzia chini, kwenye mitetemo 80 mpaka 100 hivi kwa sekunde, na hapo ndipo kila mwenye banda anapokosea: anadhani kwa kuwa mtu ana besi, basi besi ipandishwe. Ukiipandisha unapata vumo la pipa tupu. Maneno hayakai chini, yanakaa juu, kwenye T na K na S, mitetemo elfu mbili na kwenda mbele, kazi ya twita. Nilimwomba Babu aniruhusu. Nikashusha sabufa robo, nikapandisha trebo kidogo, nikageuza spika moja iliyokuwa inaangalia ukuta. Ndipo tukasikia ni nini hasa alichokuwa nacho. Watu wote wanasifu uzito. Uzito wamejaliwa wengi, hata konda wa Mbalizi anao. Jones anafunga neno. Kila neno linaisha kabla jingine halijaanza, hakuna linalomezwa, hakuna linalokanyagwa. Hivyo ndivyo anavyoongea mtu ambaye kila konsonanti aliwahi kuiogopa. Ninamjua mtu wa namna hiyo. Nanyoa ndevu zake kila Jumapili.

Alhamisi watu walikuwa kumi na mmoja. Niliwahesabu. The Great White Hope, 1970, habari za bondia mweusi aliyepewa jina Jack Jefferson, ambaye kiini chake ni Jack Johnson, mtu mweusi wa kwanza kuwa bingwa wa dunia uzito wa juu, mwaka 1908. Babu alitangaza "muvi ya ngumi" na vijana walikuja kwa ngumi. Ngumi hazipo nyingi. Kuna maneno, na maneno yenyewe ni ya jukwaani, marefu. Nakala ilikuwa mbovu, rangi zimekwajuka, haina maandishi chini, na kijana wa maiki mahali pengine alikuwa anabuni waziwazi. Nusu ya waliokuja walitoka wakadai 500 zao. Babu hakurudisha, nami hapo sikumuunga mkono: ukitangaza ngumi, leta ngumi.

Ila kama ningelazimika kuchagua siku moja kati ya zile sita ningechagua hiyo. Tamthilia hii ndiyo iliyomtoa. Alianza kuicheza Washington mwishoni mwa 1967, ikaenda Broadway, kwenye kumbi kubwa za New York, 1968, na 1969 akapata Tony, tuzo ya michezo ya jukwaani. Akanyoa kichwa, akafanya mazoezi kama bondia kweli. Filamu ilipotoka akateuliwa kugombea Oscar ya mwigizaji bora, mtu mweusi wa pili kuteuliwa kwa nafasi hiyo baada ya Sidney Poitier. Hakuipata. Kuna mahali bingwa amefukuzwa na Marekani, yuko Ulaya, hela zimekwisha, na anakubali kuvaa nguo za mtumwa mzee na kuigiza Uncle Tom kwenye ukumbi wa burudani huko Budapest. Mtu aliyewaangusha wote anapanda jukwaani na mvi za bandia. Jones hapo haipandishi sauti hata kidogo. Anaiweka mfukoni. Mwili wote unabaki wa bingwa na sauti inakuwa ya mtu anayeomba chenji. Mama wa kahawa alikuwa amesimama mlangoni na birika lake, akasahau kumiminia mteja.

Hapa nina lalamiko ambalo si la Babu wala banda lake. Kazi kubwa za mtu huyu hazimo kwenye flashi ya mtu yeyote. Tony yake ya pili ilikuwa 1987, kwa Fences ya August Wilson, akiwa Troy Maxson, mzoa taka aliyewahi kuwa hodari wa besiboli na ligi za wazungu zikamfungia mlango. Filamu iliyopo ya Fences ni ya Denzel Washington, ya 2016. Ya Jones ilibaki kwenye macho ya waliokata tiketi. Othello wake, aliocheza na Christopher Plummer akiwa Iago, vilevile. Jukwaa ni kama mahubiri ya mazishi: ulikuwepo au hukuwepo. Nilimuuliza Babu, kwa maandishi, kama anaweza kupata Fences ya 1987. Akaniangalia kama mtu aliyeomba mvua ya mwaka juzi.

Ijumaa ilikuwa Cry, the Beloved Country ya 1995. Jones ni mchungaji Kumalo wa kijijini Natal, Afrika Kusini, enzi za miaka ya arobaini, anayepanda treni kwenda Johannesburg kumtafuta mwanawe. Anamkuta gerezani. Kijana ameua mtu, mzungu, na aliyeuawa ni mtoto wa bwana mwenye shamba jirani na kanisa lake, Jarvis, anayechezwa na Richard Harris. Kwa watu wa Mbeya hii haihitaji mtafsiri sana. Kila ukoo hapa una mtu aliyepanda treni au basi akaenda mjini na barua zikakoma. Babu, aliyekaa relini maisha yake yote, aliangalia vile vipande vya treni akiwa amesimama.

Kuna mahali mchungaji anakutana na Jarvis ana kwa ana, na Jarvis haelewi kwa nini mzee huyu mweusi anatetemeka mbele yake. Ni lazima amwambie kwamba aliyemuua mwanao ni mwanangu. Na hayatoki. Unaona mdomo umeshajua la kusema, kifua kimeshajaa, na neno limekaa pale pale mlangoni haliendi mbele wala halirudi. Haliigizi kama kigugumizi, hasemi "ni, ni, ni". Anasubiri tu, na macho yanamwomba mwenzake asiondoke kabla halijafika. Nimesimama hapo mara nyingi kuliko nilivyokula ugali.

Kijana wa maiki alikuwa ameinua maiki. Akaishusha. Hakutafsiri chochote mpaka mandhari yalipobadilika, na hakuna mtu aliyeuliza amesema nini.

Jumamosi ilikuwa mchana, saa tisa, ya watoto. The Lion King ya 1994. Kelele, karanga, mmoja alitapika. Watoto wa kwetu wana raha yao kwenye muvi hii ambayo watoto wa Marekani hawana: majina wanayaelewa. Simba ni simba, Rafiki ni rafiki, Pumbaa amepumbaa kweli, na fisi akiitwa Shenzi banda zima linashangilia kama limepewa ruhusa ya kutukana. Mtoto mmoja akauliza Mufasa maana yake nini. Kijana wa maiki akasema "maana yake Baba". Si kweli, si neno letu, ila sikumsahihisha. Mufasa ni Jones. Na mkewe, Sarabi, ni Madge Sinclair, mwanamama wa Jamaika ambaye ndiye aliyekuwa malkia wake kule Zamunda miaka sita nyuma. Jumatatu na Jumamosi, mume na mke wale wale. Niligundua nikiwa pale pale kwenye benchi na sikuwa na mtu wa kumwambia kwa haraka ya kutosha.

Mufasa anapokufa mabenchi ya mbele yalilia. Kwenye vurumai ile ya nyumbu sabufa yangu ilipasua, nilisikia koni inagonga. Mtu alikuwa ameirudisha besi juu usiku. Namshuku Babu.

Basi, kwa anayetaka kwenda. Viti vya mbele kushoto ndivyo vyenye sauti safi, kaa mbali na nguzo ya mlangoni. Choo ni cha jirani na jirani anafunga saa tatu. Mabenchi hayana mgongo, na filamu ya jukwaani ya saa moja na dakika arobaini utaisikia kwenye kiuno. Kijana wa maiki ukimkuta usiku wa mateke mwache afanye yake, ukimkuta usiku wa maneno mwambie Fundi wa Mwanjelwa amesema asubiri. Anajua maana yake. Jones hakuwahi kushinda Oscar ya kugombea. Mwaka 2011 walimpa ya heshima, wakampelekea London akiwa kazini, jukwaani, kwenye Driving Miss Daisy. Na mwaka 2022 ukumbi mmoja wa Broadway uliojengwa 1912 ukabadilishwa jina ukawa wake. Humo humo mwaka 1958 alikuwa amecheza mtumishi wa nyumbani, mwenye maneno machache. Nilimwonyesha Babu hiyo habari. Akatoka nje, akautazama ubao wake wa MPIRA NA MUVI kwa muda, akarudi ndani akaniuliza rangi ya bluu lita moja siku hizi ni shilingi ngapi.

Nusu yangu ya koni bado hajaimalizia. Usiku Soweto kuna upepo unaingia chini ya mabati, kwa hiyo blanketi beba lako.